Piki ya Pili

Ilisema piki, ikameza piki ya pili.
Tairi la nyuma likang'ang'ania lami,
nami nikafanya lile moja nililolishika
kwenye maegesho ya Stockport, kati ya koni na madimbwi:
ukiogopa, bana klachi.
Nikabana. Tukateleza, chuma na mimi,
hadi kwenye majani ya kando, tukanyamaza.

Saa moja na nusu asubuhi. Njia wanayoiita Nyoka,
kati ya Sheffield na Glossop.
Nimetoka zamu ya usiku, kugeuza wagonjwa ubavu kwa ubavu,
mikono bado inanuka sabuni ya wodi.
Nusu maili kabla ya kilele.
Nusu maili tu, halafu mteremko
ungenifikisha mlangoni bure, injini iwepo isiwepo.

Nikakagua petroli: imo.
Nikageuza koki kwenye akiba.
Nikachomoa plagi, nikaipuliza, nikaifuta kwa soksi,
nikairudisha kwa vidole vilivyokwisha kufa ganzi.
Kiki nikaikanyaga kwa kilo zangu zote sitini na nane
na miaka yangu arobaini na mitatu;
haikushuka hata ukucha.
Oili sikuangalia.
Wiki tatu sikuangalia oili.
Niseme kweli: sikujua kijiti chake kilipo.

Bwana Entwistle wa Hyde aliifunika blanketi
tangu goti lake lilipomgomea, miaka kumi na tisa.
Alihesabu noti zangu mara mbili,
akalipapasa tangi kama anayeaga punda.
"Haijawahi kunilaza njiani," akasema.
Huenda ni kweli. Huenda ilimngoja mgeni.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza:
hiki changu hata kujitembeza kimekataa.

Nyuma yake pana kibao cheupe, herufi L nyekundu,
watu wajue bado najifunza.
Siku ya kukifunga nilicheka peke yangu:
L ya labda. L ya lakini.
Leo, ndani ya ukungu huu, L ya laiti.

Kwetu Korogwe nilikaa nyuma,
upande upande, kanga imekazwa, mkoba mapajani,
nikitazama shingo za vijana wanaoendesha.
Shingo zile nazikumbuka kuliko sura.
Kukaa mbele nimeanzia huku,
ambako hakuna wa kushika kiuno na kusema:
mama mzima!

Kondoo wakasogea, wakatafuna, wakaona hapana jipya.
Simu haina hata mstari mmoja.
Injini ilikuwa ikipoa, tik, tik,
kama sahani zinazorudishwa kabatini na mtu aliyenuna.
Nikajaribu tena. Safari hii kiki ikashuka
laini, bila ubishi, na mle ndani kitu kikagongana
kama vijiko kwenye droo.
Nikajua. Sijui lolote la injini, lakini hilo nililijua:
nimesikia vifua vikifanya vile saa kumi alfajiri.

Akaja Hilary Ollerenshaw na trela la kondoo.
Hakuniuliza natoka wapi.
Aliniuliza oili niliweka lini.
Nikatazama buti zangu.
"Imenoki, mpenzi," akasema
(huku wote ni wapenzi, hata mkaguzi wa tiketi anayekutoza faini),
tukaipandisha, yeye kwenye usukani, mimi nikisukuma,
na kondoo jike wawili wakaipisha
kama abiria waliolelewa vizuri.

Nikaketi kiti cha pembeni, abiria tena,
harufu ya manyoya mabichi na chai ya chupa.
Tukavuka kilele.
Mteremko ukaanza, ule mteremko wa bure,
na kila kona, ndani ya glavu, bila kuniuliza,
mkono wangu wa kushoto ukabana klachi isiyokuwepo,
ukaachia polepole,
ukabana.